Frank Whittle: Baba wa injini ya jeti aliyepoteza hataza yake kwa pauni tano

NDEGE nyingi ndogo zinazopaa kila siku kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi kuelekea Maasai Mara, Lamu na maeneo ya kaskazini mwa Kenya hazitegemei tena injini za pistoni zinazofanana na zile za magari. Cessna Caravan, Twin Otter na Pilatus PC-12 huendeshwa na injini ndogo za turbini, ambazo soko lake limepanuka kote duniani tangu miaka ya 1960.

Asili ya injini hizo ni mchoro uliowasilishwa katika ofisi ya hataza nchini Uingereza mnamo Januari 16, 1930. Aliyeuwasilisha alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la nchi hiyo, Frank Whittle, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 22 pekee.

Whittle aliaga dunia mwaka wa 1996 akiwa ametuzwa na mataifa mengi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kubisha milango iliyofungwa. Alikataliwa jeshini mara mbili, wataalamu wakampuuza, akapoteza hataza yake kwa sababu ya ada ya pauni tano, na hatimaye kampuni aliyoihangaikia ikatwaliwa na serikali.

Mwana wa fundi

Frank Whittle alizaliwa Juni 1, 1907 katika mtaa wa Earlsdon mjini Coventry. Babake, Moses Whittle, alikuwa fundi wa mitambo aliyependa kubuni vitu. Mnamo 1916, familia hiyo ilihamia mji jirani wa Leamington Spa, ambako mzee huyo alinunua kiwanda kidogo cha kutengeneza valvu na ringi za pistoni. Mali yote ya kiwanda hicho ilikuwa mashine chache za kerezo na injini moja ya gesi.

Hapo ndipo kijana Frank alipojifunza kushika vyuma. Biashara ilipodorora, familia ililazimika kuondoka nyumbani mwao na kuhamia chumba kilichokuwa juu ya karakana. Shuleni, Frank hakupenda kazi za ziada za nyumbani. Alipendelea kujifungia katika maktaba ya mji akisoma vitabu kuhusu turbini za mvuke na kanuni za ndege kuruka.

Januari 1923, akiwa na umri wa miaka 15, aliripoti katika kambi ya Halton kujiunga na Jeshi la Anga kama mwanagenzi. Alikaa huko siku mbili tu. Madaktari walimpima wakamkuta na urefu wa futi tano na kifua chembamba, wakamrudisha kwao.

Mkufunzi mmoja wa mazoezi ya viungo alimhurumia akampa orodha ya mazoezi na vyakula vya kumjenga mwili. Kijana huyo alifuata maagizo hayo kwa bidii, na katika muda wa miezi michache alikuwa ameongeza takriban inchi tatu kimo na nyingine tatu kifuani. Alipoomba tena, aliarifiwa kwamba aliyekwisha kukataliwa hawezi kufikiriwa mara ya pili.

Whittle hakukata tamaa. Aliomba upya kana kwamba hakuwahi kufika mbele ya maafisa hao, akafanya mtihani, na Septemba mwaka huo huo akaandikishwa kuwa mwanagenzi katika kambi ya Cranwell. Huko aling'ara katika uundaji wa ndege za mfano, na mnamo 1926 akawa miongoni mwa wanagenzi wachache walioteuliwa kuingia chuo cha kufunza maafisa na marubani.

Wazo lazaliwa

Kila mwanafunzi wa chuo hicho alitakiwa kuandika tasnifu. Mnamo 1928, Whittle aliandika kuhusu mustakabali wa uundaji wa ndege. Hoja yake ilikuwa kwamba ndege inayotaka kwenda mbali kwa kasi kubwa sharti ipae juu sana, mahali ambapo hewa ni nyepesi na haiikabi.

Lakini hewa hiyo nyepesi ndiyo iliyozishinda injini za wakati huo. Injini ya pistoni hukosa pumzi katika anga za juu kama binadamu anavyohema akipanda Mlima Kenya, nayo rafadha, yaani mapanga yanayozunguka mbele ya ndege, hukosa hewa ya kutosha ya kuisukuma. Katika tasnifu hiyo, Whittle alipendekeza njia mbili: roketi, au turbini ya gesi inayozungusha rafadha.

Mwishoni mwa 1929, akiwa katika shule ya wakufunzi wa urubani huko Wittering, alipata jibu la tatu. Aliona kuwa rafadha yenyewe inaweza kuachwa kabisa. Hewa ingevutwa mbele, ishindiliwe na kompresa, ichanganywe na mafuta na kuwashwa, kisha gesi ya moto izungushe turbini inayoendesha kompresa hiyo. Nguvu zilizosalia zingetoka nyuma kwa kishindo na kuisukuma ndege mbele.

Katika injini ya pistoni, kazi za kuvuta hewa, kuishindilia, kuiwasha na kuitoa hufanywa kwa zamu ndani ya silinda moja. Katika injini ya Whittle zote nne zilifanyika kwa wakati mmoja bila kukoma, kila moja mahali pake. Hakukuwa na vyuma vya kupanda na kushuka. Kilichozunguka kilikuwa mhimili mmoja tu.

Makamanda wake walimpeleka Wizara ya Anga jijini London, na wazo lake likakabidhiwa A. A. Griffith, mtaalamu ambaye mwenyewe alikuwa akichunguza turbini. Griffith alionyesha kosa katika hesabu za kijana huyo na kuuona mpango wake kuwa usiotekelezeka. Wizara ikafuata ushauri huo. Wakati huo hakukuwa na chuma kilichojulikana kustahimili joto na mzunguko wa namna ile kwa muda mrefu, na kwa wakuu hao hoja hiyo ilitosha.

Ni mkufunzi mwenzake, Pat Johnson, aliyewahi kufanya kazi ya uwakili wa hataza, aliyemsaidia Whittle kusajili uvumbuzi wake. Kwa kuwa wizara haikuuona kuwa na thamani, haikuufanya siri. Maelezo na michoro yake ilichapishwa hadharani mnamo 1932.

Pauni tano

Mei 1930 Whittle alimwoa Dorothy Lee, na wakajaliwa wana wawili. Jeshi lilimpeleka kufanyia majaribio ndege za majini huko Felixstowe, kisha katika mafunzo ya uhandisi, ambako alifanya vyema kiasi cha kupelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge mnamo 1934.

Januari 1935, hataza yake ilihitaji kuhuishwa kwa ada ya pauni tano. Whittle, aliyekuwa na mke na watoto wa kulisha kwa mshahara wa afisa wa cheo cha chini, hakuona njia ya kulipa. Wizara ya Anga nayo ilikataa kumlipia. Hataza ikafa, na serikali ikawa imeacha kwa pauni tano uvumbuzi ambao miaka michache baadaye ingeutumia katika vita.

Miezi minne baadaye, rafiki yake wa zamani wa Cranwell, Rolf Dudley-Williams, alimwandikia barua. Pamoja na mwenzake, James Tinling, alijitolea kumtafutia wafadhili. Machi 1936, kampuni ya Power Jets ilisajiliwa kwa mtaji wa awali wa pauni 2,000 kutoka kwa taasisi ya fedha ya Falk. Whittle, ambaye bado alikuwa mwanajeshi, aliruhusiwa kuifanyia kazi kwa saa zisizozidi sita kwa wiki. Mwaka huo huo alifuzu Cambridge kwa daraja la kwanza.

Aprili 12, 1937, katika kiwanda cha British Thomson-Houston mjini Rugby, injini yake ya kwanza iliwashwa. Mzunguko uliongezeka ghafla, mlio ukapanda, na hata Whittle alipofunga mafuta injini iliendelea kuongeza kasi. Waliokuwepo walitimua mbio. Whittle alibaki peke yake kwenye vidhibiti hadi iliponyamaza. Ilibainika baadaye kwamba mafuta yaliyokuwa yamevuja na kutuama ndani ya injini ndiyo yaliyokuwa yakiungua.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya fedha haba na vyuma kupasuka. Kazi ilihamishiwa Lutterworth, kwenye karakana chakavu, ambako sehemu za injini iliyoharibika zilitumiwa kuunda nyingine kwa kukosa fedha za vipuri. Tatizo sugu lilikuwa kuwasha mafuta sawasawa katika upepo wa kasi. Lilipata ufumbuzi mnamo 1940 kupitia kichomeo kilichobuniwa na Isaac Lubbock wa kampuni ya Shell.

Juni 1939, mkurugenzi wa utafiti wa Wizara ya Anga, David Pye, alishuhudia injini hiyo ikifanya kazi kwa dakika 20 mfululizo, naye akabadili msimamo. Serikali iliagiza injini ya kurusha ndege, na kampuni ya Gloster ikapewa kazi ya kuunda ndege yenyewe.

Vita na mkono wa serikali

Ucheleweshaji huo ulikuwa na gharama. Agosti 27, 1939, siku chache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuzuka, Ujerumani ilirusha ndege ya Heinkel He 178, iliyokuwa na injini ya jeti ya kijana mwingine, Hans von Ohain. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndege ya kwanza ya turbini kuruka duniani.

Zamu ya Whittle ilifika Mei 15, 1941. Jioni hiyo, katika uwanja wa Cranwell alikokuwa mwanagenzi, rubani Gerry Sayer alipaa na ndege ya Gloster E.28/39 na kukaa angani dakika 17. Injini yake, W.1, ilikuwa na msukumo wa takriban kilo 390. Baadhi ya injini za ndege kubwa za abiria za karne hii zina msukumo unaozidi huo zaidi ya mara 100.

Wakati huo kazi ilikuwa imemponyoka. Serikali iliipa kampuni ya magari ya Rover jukumu la kuunda injini hizo kwa wingi, nayo Rover ikaanza kubadilisha michoro bila idhini ya mvumbuzi. Mvutano ulichelewesha uzalishaji hadi kampuni ya Rolls-Royce ilipotwaa kiwanda cha Barnoldswick mwanzoni mwa 1943. Ndege za Gloster Meteor zenye injini za asili ya Whittle ziliingia vitani Julai 1944, zikiwinda makombora ya V-1 ya Wajerumani.

Oktoba 1941, injini moja ilisafirishwa hadi Marekani pamoja na michoro. Kampuni ya General Electric iliinakili, na mwaka mmoja baadaye ndege ya kwanza ya jeti ya Marekani ikaruka. General Electric ikawa mojawapo ya watengenezaji wakubwa zaidi wa injini za ndege duniani.

Vita vilikuwa pia vinammaliza Whittle mwenyewe. Alifanya kazi usiku na mchana, akavuta sigara kupindukia na kutumia dawa za kumtia nguvu mchana na nyingine za kumpatia usingizi. Alilazwa hospitalini mara kadhaa baada ya mishipa ya fahamu kuzidiwa.

Pigo la mwisho lilitoka alikolitarajia kidogo. Whittle, aliyekuwa na imani za kijamaa, alikuwa ameishauri serikali itaifishe sekta nzima ya injini za turbini ili faida iwe ya umma, na akajitolea kuachia hisa zake. Mnamo 1944 serikali ilitaifisha Power Jets peke yake kwa pauni 135,500 na kuziacha kampuni kubwa mikononi mwa wenyewe. Kampuni yake ikageuzwa kituo cha utafiti kisichoruhusiwa kuunda injini za kuuza. Whittle alijiuzulu Januari 1946, na wahandisi wengi wakamfuata.

Mnamo 1948 alistaafu jeshini akiwa na cheo cha Komodoa wa Anga. Mwaka huo alitunukiwa pauni 100,000 na tume ya kuwatuza wavumbuzi, na Mfalme George VI akampa hadhi ya kuitwa Sir.

Jeti yafika Entebbe

Baada ya kustaafu, Whittle alikuwa mshauri wa kiufundi wa shirika la ndege la BOAC hadi 1952. Mei 2 mwaka huo, shirika hilo lilizindua safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo, Comet, ilitoka London kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hadi Johannesburg katika muda usiofika saa 24. Kwa hivyo Entebbe nchini Uganda ilikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza kabisa kupokea abiria wa jeti.

Injini za Comet, aina ya Ghost, zilishindilia hewa kwa njia ya Whittle: gurudumu moja linalozunguka kwa kasi na kuvurumisha hewa kutoka katikati hadi ukingoni. Injini ya Nene ya Rolls-Royce ilitumia njia iyo hiyo. Iliuzwa kwa Umoja wa Kisovieti, ikanakiliwa huko, na kuendesha ndege za kivita za MiG-15 katika Vita vya Korea.

Hata hivyo, katika miaka ya 1950 waundaji wa ndege kubwa waliligeuzia mgongo gurudumu hilo. Walichagua kompresa ya safu nyingi za mapanga, ambamo hewa hupita moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Injini ya namna hiyo ni nyembamba, na inaweza kuongezwa safu ili kupata nguvu zaidi. Ilionekana kana kwamba njia ya Whittle imefika mwisho.

Njia hiyo iliokolewa na injini ndogo. Kadiri injini inavyopungua ukubwa, ndivyo mapanga ya safu za mwisho yanavyokuwa mafupi mno, na hewa nyingi kupotea katika mwanya ulio kati ya ncha zake na ukuta. Gurudumu moja nene halina udhaifu huo kwa kiwango hicho. Pia hustahimili vumbi na changarawe zaidi, jambo lenye uzito mkubwa kwa ndege inayotua kwenye viwanja vya udongo.

Mnamo Mei 1961, tawi la Pratt & Whitney nchini Canada lilirusha kwa mara ya kwanza injini ya PT6. Ndani yake hewa hupita kwanza safu chache za mapanga, kisha humalizwa kushindiliwa na gurudumu. Huo ndio mpangilio aliouchora Whittle katika hataza yake ya 1930. Na kwa kuwa nguvu zake huzungusha rafadha, injini hiyo inatimiza pia wazo aliloliandika katika tasnifu ya 1928.

Zaidi ya injini 50,000 za PT6 zimeundwa. Ndizo zilizomo katika Caravan, Twin Otter na Pilatus PC-12, ikiwemo zile ambazo AMREF Flying Doctors imezitumia kuwasafirisha wagonjwa kutoka vijijini. Gurudumu hilo hilo limo katika helikopta nyingi na katika baadhi ya ndege zisizo na rubani.

Bei ya injini ya turbini ni mara kadhaa ya ile ya pistoni, lakini sababu za soko lake kukua ni za wazi. Haitetemeki sana, na kwa kawaida hufanya kazi saa nyingi zaidi kabla ya kufunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa. Aidha, hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, yale yale ya ndege kubwa, ilhali petroli maalumu ya ndege za pistoni ni adimu na ghali katika sehemu nyingi za Afrika.

Nchini Marekani, Sam Williams aliendeleza jeti ndogo zaidi, na injini zake zikafungua soko la ndege nyepesi za watu wachache. Soko hilo halikukosa kuanguka: kampuni ya Eclipse, iliyotarajiwa kuijaza anga kwa ndege hizo, ilifilisika mnamo 2008. Lakini mnamo 2016 Vision Jet ya kampuni ya Cirrus, yenye injini moja ya Williams, iliidhinishwa kuruka.

Miaka ya mwisho

Whittle hakutajirika kutokana na ukuaji huo. Mnamo 1976, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, alihamia Marekani na kuoa tena, kisha akawa profesa wa utafiti katika chuo cha jeshi la majini mjini Annapolis. Huko aliandika kuhusu kanuni za turbini za gesi kwa ajili ya wanafunzi.

Alijenga urafiki na Hans von Ohain, mpinzani wake wa zamani ambaye vita viliwazuia kukutana. Mnamo 1991, wawili hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Charles Stark Draper, mojawapo ya tuzo kuu za uhandisi duniani.

Frank Whittle alifariki Agosti 9, 1996 nyumbani kwake Columbia, jimbo la Maryland, akiwa na umri wa miaka 89. Majivu yake yalirejeshwa Cranwell, mahali alipoingia kwa kuomba mara ya tatu.

Wahenga walisema kuwa nabii hakosi heshima ila kwao. Ndege iliyobeba injini yake mnamo 1941 imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London, lakini gurudumu alilolichora angali kijana wa miaka 22 halijawekwa kwenye makumbusho. Bado linazunguka kila asubuhi juu ya nyanda za Mara na majangwa ya Turkana.